SUV ya Umeme na Gari la Spoti: Nani Mwenye Kasi, Nani Mwenye Wepesi?

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Mwaka huu nimepewa kurasa za somo la sayansi kwa Kiswahili, nami nimeonelea nizitumie kuchambua ubishi ambao umezagaa mabwenini tangu muhula wa kwanza. Wako wanaoshikilia kwamba gari la umeme ni kitu cha kuchezea watoto, ati gari lisilonguruma si gari. Wako wengine ambao wameona filamu za SUV za umeme zikiyaacha magari ya spoti kwenye vumbi, basi wamekata shauri kwamba petroli imekwisha kazi. Makundi haya mawili hupiga kelele sana lakini hayapigi hesabu. Mimi nitapiga hesabu, na nitaipiga kwa Kiswahili, maana kungali na watu wanaodhani kwamba lugha hii ni ya methali na ngonjera tu.

Kwanza tuafikiane juu ya maneno. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nalo hupimwa kwa kilo. Kani ni msukumo au mvuto, nayo hupimwa kwa nyutoni. Mchapuko ni jinsi kasi inavyoongezeka kila sekunde. Isaac Newton alituachia sheria fupi inayoyafunga maneno hayo matatu pamoja: kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Neno la nne ni torki, yaani kani ya kuzungusha, kama ile unayoitia kwenye spana unapofungua nati za gurudumu. Mwenye maneno hayo manne mkononi hatakwama.

Nimechagua magari mawili, na nina sababu. La kwanza ni Hyundai Ioniq 5 N, iliyozinduliwa mwaka wa 2023. Ni gari la familia lenye umbo la SUV iliyoinama kidogo, la kubebea watoto na mizigo ya sokoni. Lina mota mbili, moja mbele na moja nyuma, ambazo kwa pamoja hutoa kilowati 448. Dereva akibonyeza kitufe fulani kwenye usukani hupata kilowati 478 kwa muda wa sekunde 10. Tungamo lake ni kilo 2,200 hivi. La pili ni Porsche 911 GT3 iliyotolewa mwaka wa 2021, gari la spoti la petroli, lenye injini ya lita 4 na silinda sita, isiyo na turbo. Hiyo hutoa kilowati 375, na ile inayojibadilishia gia yenyewe ina kilo 1,435.

Sasa sikiliza. Kila mtengenezaji anasema gari lake hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4. Sare! Ndiyo sababu nimeyachagua. Timu zikitoka sare, mtu hulazimika kuuliza kila moja ilichezaje.

Kilomita 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde. Gawanya kwa 3.4, utapata mchapuko wa mita 8.2 kwa sekunde, kila sekunde. Mvutano wa dunia hukuangusha kwa 9.8. Kwa hivyo abiria wa gari lolote kati ya haya hubanwa kwenye kiti chake kwa kani inayozidi asilimia 80 ya uzani wake mwenyewe. Si mchezo. Sasa tumia sheria ya Newton: Hyundai inahitaji kani ya nyutoni 18,000 hivi, ilhali Porsche inahitaji 11,800 tu. Wamefika pamoja, lakini mmoja alikuwa amebeba mzigo wa kilo 765 zaidi. Mwenye kudai kwamba gari la umeme halina nguvu na atueleze hizo nyutoni 6,000 za ziada zimetoka wapi.

Zimetoka kwenye torki. Wengi wetu tumewahi kutumwa kwenye kinu cha posho. Kile cha dizeli huwashwa kwanza, kikakohoa, kikaachwa kichanganye, ndipo mahindi yatiwe. Kile cha umeme ni swichi tu, mara kinazunguka. Injini ya petroli ndivyo ilivyo: nguvu zake zimo katika mizunguko. Injini ya GT3 hufikia torki yake ya juu kabisa ikiwa imezunguka mara 6,100 kwa dakika, na kilowati zote 375 hazipatikani kabla ya 8,400. Kwa hivyo inahitaji klachi na gia za kuifanya izunguke haraka hata gari likiwa linaenda polepole. Mota ya umeme haina shida hiyo. Sumaku zake huvutana na kusukumana mara tu mkondo unapopita, hata mota ikiwa bado imesimama tuli, basi torki yake yote ipo tangu hatua ya kwanza. Isitoshe, Hyundai husukumwa na magurudumu yote manne. GT3 husukumwa na mawili ya nyuma, ingawa ina bahati kwamba injini yake imekalia huko huko nyuma na kuyakandamiza matairi barabarani.

(Nitoke nje ya mada kidogo. Dereva wa gari la umeme tutamwambia akanyage nini? Sisi husema kanyaga mafuta, na hapo hamna mafuta ya kukanyagwa. Nadhani msemo utabaki tu, kama vile tunavyoendelea kupiga simu ingawa hakuna anayeipiga.)

Haya, je, ushindi wa sekunde za kwanza ni ushindi wa mbio nzima? Hapo ndipo pana kizungumkuti. Mnamo Novemba 2023 kampuni ya Tesla ilionyesha filamu ya pick-up yake ya umeme, Cybertruck, ikishindana na Porsche 911 huku ikivuta 911 nyingine kwenye trela. Ikashinda. Filamu ilienea kote, na nina hakika wengi wenu mmeiona kwenye simu. Ilisemwa kwamba umbali ulikuwa robo ya maili, yaani mita 400 hivi. Baadaye ilibainika kwamba ulikuwa nusu ya huo, mita 200 tu. Waandishi wa magari waliporudia mashindano hayo kwa mita 400 kamili, 911 ndiyo iliyotangulia kufika. Sioni ajabu. Kadiri kasi inavyopanda ndivyo upepo unavyozuia, tena kasi ikiongezeka mara mbili kizuizi cha upepo huongezeka mara nne. Gari refu, pana, linalovuta trela hulipa kodi hiyo zaidi kuliko gari dogo lililolala chini. Hata kwa magari yetu mawili, Hyundai hukomea kilomita 260 kwa saa na GT3 huendelea mpaka 318. Kwa hivyo ukionyeshwa filamu ya mbio, uliza kwanza mstari wa mwisho umewekwa wapi.

Sasa twende kwenye kona, kwa maana barabara iliyonyooka ni nusu tu ya udereva.

Fanya jaribio hili jioni wakati wa kuteka maji. Chukua mtungi mtupu wa lita 20, ukimbie nao na ukate kona ya darasa ghafla. Rahisi. Sasa ujaze, zile ni kilo 20, ukate kona ile ile kwa kasi ile ile. Utahisi mtungi unataka kuendelea moja kwa moja kana kwamba haujasikia amri ya miguu. Huo ndio ukaidi wa tungamo: kitu kinachoenda hutaka kuendelea kwenda kilikokuwa kikielekea. Ili gari lipinde, matairi hulivuta kuelekea katikati ya duara la kona, na kani inayohitajika ni tungamo mara mraba wa kasi, ukigawa kwa nusu kipenyo cha kona. Katika kona ya nusu kipenyo cha mita 50, kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa, GT3 inahitaji nyutoni 11,480. Hyundai inahitaji 17,600.

Mwanafunzi hodari wa Fizikia atanisimamisha hapa. Atasema: "Lakini msuguano wa tairi na lami nao huongezeka kwa kadiri ya uzani. Tungamo limo pande zote mbili za mlinganyo, basi linakatwa. Gari zito na gari jepesi yapaswa kupinda sawa." Hoja hiyo ni nzuri, na kwenye karatasi ni kweli. Nilipomweleza mjomba wangu, ambaye ni fundi wa magari kule Nakuru, aliweka chini spana yake akacheka. "Mpwa wangu," akaniambia, "pakia magunia ya viazi kwenye pick-up mpaka spring zilale, halafu uende nayo kwenye kona. Ukirudi utaniambia kama tungamo limekatwa."

Mjomba hajauona mlinganyo wenyewe lakini amekuwa akiona matairi kwa miaka mingi. Kipande cha mbao kwenye meza ya maabara hutii kanuni ile vizuri. Tairi ni mpira, na mpira una tabia yake. Ukiukandamiza kwa uzani mara mbili, hushika lami zaidi, lakini si mara mbili kamili. Kila kilo unayoongeza hushika kidogo kuliko ile iliyotangulia. Tena gari likipinda, uzani wake humiminika upande wa nje wa kona. Matairi mawili ya nje hulemewa huku yale ya ndani yakikaa kivivu, na walichokipoteza wavivu hakirudishwi chote na waliolemewa. Kadiri gari linavyokuwa zito na la kwenda juu, ndivyo mmiminiko huo unavyozidi. Ongeza joto: tairi linalovuta nyutoni 17,600 hupata moto na kulika haraka kuliko linalovuta 11,480. Na kona mbili zikifuatana, ya kushoto kisha ya kulia, gari zito huchelewa kugeuza nia.

Hapa lazima niwatetee wenzetu wa umeme, kwa kuwa kuna jambo wanaoyabeza magari hayo hawalijui. Rudi kwenye mtungi wako uliojaa. Ubebe kichwani ukate kona, kisha uushike mkononi, chini kabisa karibu na goti, ukate tena. Tungamo ni lile lile, lakini wa kichwani unataka kukuangusha. Gari la petroli la aina ya SUV lina injini nzito iliyokaa juu, mbele. SUV ya umeme ina betri yenye mamia ya kilo, nayo imelazwa sakafuni kama godoro. Kitovu chake cha uzito kiko chini. Mwaka wa 2017 idara ya Marekani inayopima usalama wa magari iliipa Tesla Model X nyota 5 katika kila kipimo, kikiwemo kile cha hatari ya kupinduka, na hicho ndicho kipimo kinachozisumbua SUV nyingi. Kwa hivyo, ukilinganisha SUV na SUV, ya umeme hukaa barabarani vizuri kuliko ndugu yake wa petroli. Tatizo lake la kona ni wingi wa kilo, wala si umeme wenyewe.

Nina ushahidi wa hilo, na unatoka kiwanda kimoja. Huko Ujerumani kuna barabara ya mashindano iitwayo Nürburgring. Duru yake ya kaskazini ina urefu wa kilomita 20.832 na zaidi ya kona 70, nayo hupanda na kushuka milimani. Dereva Lars Kern aliizunguka akiwa ndani ya 911 GT3 kwa dakika 6 na sekunde 59.9. Mwaka wa 2021, dereva huyo huyo aliizunguka akiwa na Porsche Cayenne Turbo GT, SUV ya petroli yenye kilowati 471 na kilo 2,200 hivi, ambayo hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.3. Tazama vizuri: kwa kuondoka tu, Cayenne inaishinda GT3 kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini duru nzima iliichukua dakika 7 na sekunde 38.9. Imeachwa kwa sekunde 39! Ukipiga hesabu ya mwendo wake wa wastani, wakati GT3 inavuka mstari, Cayenne ingali nyuma kwa zaidi ya kilomita moja na nusu.

Sitaki kumdanganya mtu: GT3 pia ina bawa kubwa nyuma ambalo hutumia upepo kuikandamiza chini, na matairi yake ni ya kazi hiyo. Hata hivyo, Cayenne ile inakunywa petroli sawasawa na mwenzake. Tungamo lake ni kama la Hyundai yetu. Basi anayeona SUV ya umeme ikiachwa kwenye kona akapaza sauti kwamba umeme umeshindwa, amemshika asiyehusika.

Tukija kwenye breki, hesabu ni fupi. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Kwa kilomita 100 kwa saa, Hyundai imebeba kilojuli 850 na GT3 kilojuli 554. Ili kusimama, gari la petroli lazima ligeuze zote kuwa joto kwenye breki, na joto hilo huenda na upepo. Gari la umeme lina ujanja: mota hugeuka kuwa jenereta, ikazuia magurudumu huku ikirudisha umeme betrini. Katika Ioniq 5 N, mota peke yake zinaweza kuzuia gari kwa mchapuko hasi wa 0.6 ya mvutano wa dunia, kabla breki zenyewe hazijaguswa sana. Mtu anayeteremka eskapimenti ya Mai Mahiu atakushukuru kwa hilo, maana kule ndiko breki za magari mazito huungua na kunuka. Ila betri ikiwa imejaa pomoni haina pa kuuweka umeme huo, na breki za kawaida hubaki peke yake kazini.

Betri nayo ina mipaka. Ile ya Ioniq 5 N ina uwezo wa kilowati-saa 84. Ukiikamua kilowati 250 mfululizo, gawanya mwenyewe: itakwisha kwa dakika 20. Kisha utatafuta chaja yenye nguvu sana na usubiri dakika 18 itoke asilimia 10 ifike 80. GT3 hujazwa petroli ndani ya dakika chache. Na kuna hili ambalo watu husahau: tangi la petroli likiisha gari limekuwa jepesi, lakini betri tupu ina uzani ule ule wa betri iliyojaa.

Nimeacha jambo moja tamu kwa makusudi, nalo linatuhusu sisi wa nyanda za juu. Injini ya petroli huvuta hewa ili ichome mafuta. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina uzito wa asilimia 84 hivi tu ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo, kama ya GT3, hupungukiwa na nguvu kwa kadiri hiyo hiyo: kilowati 375 huwa kama 315. Mota ya umeme haipumui. Kilowati zake 448 ni 448 pale Likoni na ni 448 pale Limuru. Kwa hivyo sare ile ya sekunde 3.4 ni sare ya kwao, nchi za tambarare. Ukiyaleta magari haya mawili hapa Nairobi uyashindanishe kwenye barabara iliyonyooka, mimi ninaweka senti zangu kwa Hyundai, tena bila kusita. Ukiyapeleka kwenye kona nyingi, nazihamishia kwa Porsche, hata na ule upungufu wake wa hewa.

Kuhusu kunguruma, Hyundai wamefanya kituko. Ioniq 5 N haina gia nyingi za kubadilisha, lakini imewekewa programu inayojifanya kwamba zipo 8, na spika zinazotoa mlio wa injini ya petroli. Dereva akichelewa kubadilisha gia ya uongo, gari hujikuna kana kwamba ni kweli! Wengine wanaiona kuwa mzaha. Mimi naielewa kwa kiasi, maana dereva wa mashindano hutumia masikio kujua kasi yake bila kutazama saa.

Lakini masikio yanawahusu pia walio nje ya gari. Kwa mchapuko ule wa 8.2, gari hufika kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha mjini hapa Kenya, kwa sekunde 1.7, likiwa limesogea mita 12 tu. Huo ni kama urefu wa basi kubwa. Gari la kawaida linalochukua sekunde 12 kufika 100 lingehitaji sekunde 6 kufikia hiyo 50. Sisi tunaovuka barabara kila siku tumezoea kupima gari lililosimama kwa macho ya sekunde 6. Wazungu tayari wameona hatari ya ukimya: katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka wa 2021 kila gari jipya la umeme sharti litoe mlio likiwa linaenda polepole. Mlio huo utakuambia kwamba gari lipo. Hautakuambia kwamba ni tani mbili na zaidi, wala kwamba zitakufikia kabla hujafika katikati ya barabara.

Zoezi kwa wanachama. Tesla Model X Plaid ina tungamo la kilo 2,450 hivi, na mtengenezaji anadai hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 2.6. (a) Tafuta mchapuko wake na ulinganishe na 9.8. (b) Tafuta kani inayoisukuma. (c) Imesogea mita ngapi inapofika kilomita 50 kwa saa? (d) Eleza kwa sentensi tatu za Kiswahili sanifu kwa nini jibu la (a) halitoshi kukuambia itakavyofanya kwenye kona. Majibu yapelekwe kwa katibu wa chama kabla ya wiki ya mitihani, na sehemu ya (d) ndiyo yenye alama nyingi.